Nani Alichemsha Miratina ya Kihara

Ukija Kabazi leo ukauliza Kihara alikuwa nani, utaambiwa ni yule mzee aliyechemsha miratina ya baba yake. Watakuambia wakicheka kidogo, bila ubaya, namna watu wanavyomcheka mzee aliyeenda kanisani na sweta imegeuzwa ndani nje. Nimeusikia mzaha huo dukani. Nimeusikia kwenye chama cha akina mama. Juzi nimeusikia kwa watoto wa shule ambao hata muratina hawajawahi kuiona. Mimi ni Wamuyu, dada yake anayemfuata. Nina miaka sitini na nane na goti moja bovu, na kitu kirefu zaidi nilichowahi kuandika ni orodha ya kamati ya harusi. Lakini hili nitaliandika hadi mwisho.

Niwaeleze kwanza nyinyi mliokulia kwenye soda. Muratina ni tunda la mti, refu na gumu, na pombe ya asali tunayoitengeneza nalo ikachukua jina lake. Tunda linapasuliwa, linaanikwa, linachemshwa ili uchungu utoke, na likikauka linabaki nyuzi tupu kama dodoki la kuogea. Ukilitumbukiza kwenye maji ya asali mahali penye joto, asali inageuka pombe. Kisha tunda linatolewa, linaanikwa, linatunzwa, na mwaka ujao linafanya kazi tena. Kadiri linavyozeeka ndivyo linavyotoa pombe nzuri.

Sisi wasichana kazi yetu ilikuwa ile ya mwanzo tu. Mama alitupa matunda mabichi, tukayachemsha mara mbili, mara tatu, mpaka maji yakaacha kuwa machungu. Tukimaliza tunayapeleka hadi mlangoni mwa kijumba cha pombe, baba anayapokea, na masomo yetu yanaishia hapo. Mwanamke hakuingia katika kijumba hicho. Hatukuelezwa sababu na hatukuuliza, kwa sababu tulikuwa na kuni za kutafuta.

Baba alikuwa mkamuaji wa ng'ombe katika shamba la mzungu, na wakati mashamba yalipogawanywa akapata kipande chake hapa Kabazi. Alikuja na mke, ng'ombe mmoja na gunia la miratina. Alipofariki, Kihara alirithi kijumba, pembe ya kuonjea, na miratina thelathini ambayo baadhi yake ilikuwa na umri kumzidi yeye.

Kaka yangu hakuwa mlevi, msije mkafikiria hivyo. Alionja pembe moja kila pipa lilipoiva, akatema nusu, akameza nusu, akasema "ndiyo" au "bado", na maneno yakaisha. Alikuwa mwembamba, mkali, mwenye koti moja la majira yote, na alikuwa na dharau kubwa kwa kitu chochote kinachotengenezwa haraka. Hata chai yangu aliiona ni ya haraka. Mkewe alipofariki, nami nilikuwa nimeshafiwa na mume na kufukuzwa kwa wakwe, nikaja kukaa kwake. Tuligombana kila asubuhi kwa miaka kumi na moja, na sasa asubuhi zangu ni tupu kabisa.

Zamani watu walitoka Nyahururu, Nakuru, hata Naivasha, kuchukua muratina Kabazi wakienda kuposa. Posa haikwenda bila pombe hiyo, na pombe ya Kabazi ilikuwa na jina. Watengenezaji walikuwa tisa hapa kwetu. Kisha mambo yakabadilika, polepole, hata hatukujua ni siku gani tulianza kushindwa. Posa zikawa na hema, wapishi wa kukodiwa na divai ya boksi. Vijana wakataka mikebe ya baridi. Muratina ikabaki ya kupigwa picha, lita mbili katikati ya meza, wazee wakipokezana mbele ya kamera na kuiacha hapo. Na lita mbili kama hizo hazihitaji asali.

Mtu wa kwanza kulielewa hilo alikuwa Mathenge, kitinda mimba wa Kihara mwenyewe. Alipooa na kuhamia Nakuru, baba yake alimpa miratina saba, kama desturi inavyotaka, ili naye awe na mbegu. Mathenge akafungua duka mtaa wa Section 58 na akaanza kupika pombe ya sukari, hamira ya dukani na maji ya bomba, tayari kwa siku moja. Aliiita muratina. Kihara alipoionja aliitema yote, akavaa koti lake, akatoka, na tangu siku hiyo hawakusemezana.

Wenzake walifuata njia ya Mathenge mmoja baada ya mwingine. Kang'ethe, ambaye ni mwenyekiti wa kikundi chetu cha watengenezaji, alisema wazi kwamba asali imemshinda na akahamia sukari, na miratina yake ikaliwa na panya. Wengine waliacha pombe wakapanda parachichi. Hata asali yenyewe ilikuwa inapungua. Kipngeno wa Kuresoi, aliyemletea Kihara asali tangu wakiwa vijana, alisema dawa za viazi zinammalizia nyuki wake mizingani. Mwishowe ikabaki miratina hai ya mtu mmoja Kabazi nzima, ile ishirini na mitatu iliyobaki hapa kwa Kihara.

Basi mwaka juzi akaja msichana anaitwa Jackie, mnunuzi wa vinywaji wa hoteli moja kubwa ya watalii karibu na ziwa. Alikuwa na gari safi na viatu visivyofaa matope yetu. Akasema hoteli inataka kuuza kinywaji cha asili ya Bonde la Ufa, cha asali kweli, chenye historia, na wageni wako tayari kukipenda. Lakini kiwe safi, kipimwe maabara, na ladha isiwe leo hivi na kesho vile. Ikipita, wangechukua kila mwezi, na kikundi kizima kingepata kazi.

Kikundi kilipokutana uani kwetu, Kang'ethe alitaka wampe ya sukari na asali kidogo juu. Kihara hakuwa msemaji, lakini siku hiyo alisimama. Aliwaambia kwamba wakishindana kwa urahisi watashindwa na Section 58, kwa kuwa Section 58 iko mjini na haihitaji nyuki. Kitu pekee ambacho Kabazi inacho na wengine hawana ni ile miratina ya zamani, na yeye ataigawa. Kila mwanakikundi atakayerudi kwenye asali atapewa miwili ya kuanzia, na baada ya miaka mitano Kabazi itakuwa na mapipa tisa tena. Nilikuwa jikoni na nilisikia. Sikuwahi kumsikia kaka yangu akitaka kitu namna ile. Wazee walipiga makofi, na Kang'ethe akawa wa mwisho lakini akapiga.

Siku ya kuonja ikawekwa Jumamosi moja ya Oktoba. Jackie aliacha karatasi ya usafi, nami nikaisoma kwa sauti kwa sababu macho ya Kihara yalikuwa na ukungu. Ilisema chombo chochote kinachogusa kinywaji kichemshwe. Kihara aliitikia kwa kichwa. Kwake chombo ni pipa, kata na chujio. Hakufikiria kwamba kuna mtu anayeweza kuhesabu miratina kuwa chombo.

Mwisho wa wiki iliyotangulia akaenda Kuresoi kuchukua asali. Mvua ikakata barabara, akalala huko siku mbili. Jumatatu asubuhi akanipigia simu kwa haraka: Jackie amebadilisha mipango, anafika leo saa sita na mtu wa kukagua kijumba kabla ya Jumamosi. Akaniambia nimwite Kang'ethe aingie kijumbani apange vitu. Nikaenda kwa Kang'ethe. Alikuwa amekwenda kliniki Subukia kupimwa presha na simu yake ilikuwa imezimwa. Ilikuwa saa tatu.

Nilisimama mbele ya kile kijumba kwa muda. Miaka sitini na kitu nilikuwa nimefika mlangoni tu. Kisha nikapiga moyo konde nikaingia.

Jamani, ule uchafu. Ndivyo nilivyouona. Buibui, majivu, na kwenye waya, ukutani kote, vitu vyeusi vimening'inia, vinanuka uchachu, na visubi vimevizunguka. Nilishikwa na aibu kwa ajili ya kaka yangu. Nikawaza yule msichana wa hoteli akiviona atageuza gari hapo hapo, na ndoto yote ya Kihara itaishia kwenye visubi. Sikujua kwamba ule uchachu ndio mali yenyewe. Nilijua jambo moja tu kuhusu miratina, nalo nilifundishwa na mama nikiwa na miaka saba, kwamba miratina huchemshwa.

Niliwasha moto mkubwa. Nikaichemsha yote ishirini na mitatu kwenye sufuria ya harusi, mara mbili, hadi maji yakawa meusi, na nilikuwa naimba. Nikaikausha juu ya meko, nikairudisha kwenye waya kama ilivyokuwa. Nikafukiza kijumba kwa majani ya leleshwa harufu itoke. Saa sita Jackie akafika na mkaguzi wake. Yeye aliingia ndani bila mtu kumzuia, mwanamke kama mimi, na kijumba hakikuanguka. Akatoka akitabasamu.

"Mathe, hapa ni kusafi sana," akaniambia. "Hii ndio tunataka."

Nilifurahi hata nikamkamatia kuku wa kwenda naye.

Kihara alirudi jioni na mitungi ya asali, amelowa. Aliingia kijumbani akatoka akiuliza ni nani amefukiza leleshwa. Nikamwambia ni mimi, nimesimama mlangoni nikapuliza moshi ndani, sikuingia. Huo ndio uongo wangu wa kwanza, na niliusema kwa sababu ya mguu wangu kukanyaga mle, si kwa sababu ya sufuria. Alinung'unika kwamba sasa kijumba kinanuka kama boma la mbuzi, akacheka, akaenda kulala. Macho yake hayakuona tofauti, na leleshwa ilikuwa imefunga pua yake.

Jumanne akachanganya asali na maji, akatumbukiza miratina, akafunika pipa kwa blanketi, akawasha moto mdogo kando. Kaka yangu alikuwa na tabia ya kuweka sikio kwenye pipa. Pombe ikianza kufanya kazi husikika, mchemko mdogo mdogo wa ndani, na yeye alidai anaweza kujua siku ya kuiva kwa sikio tu. Kwa kawaida husikika usiku wa kwanza. Jumatano asubuhi akaweka sikio, akaongeza kuni. Adhuhuri akaweka tena. Jioni akatoa blanketi moja akaweka mawili.

Alhamisi pipa lilikuwa kimya bado. Kwetu pombe ikikataa, watu husema kuna neno katika boma, mtu amekosana na mtu na halijasemwa. Kihara hakula siku hiyo. Alikaa kwenye kigoda nje ya kijumba akijichunguza kama mtu anayetafuta kupe mwilini. Alisema ni Mathenge. Alisema amemfungia mwanawe mlango na baba yetu amekasirika huko aliko. Au labda ni dhambi kuwauzia watalii kitu cha posa. Nilimletea uji, nikamwambia ni baridi tu ya mvua. Akatikisa kichwa.

"Baridi huchelewesha, lakini hainyamazishi," akasema. "Kimya hiki ni kama mtu amechukua miratina iliyokomaa akaichemsha. Kuichemsha huua ule uchachu, ikabaki kuni."

Nililitua bakuli la uji karibu na kigoda chake. Yeye alikuwa anaangalia pipa, hakuniona.

Sikulala. Nilijiambia nitasema asubuhi, na asubuhi nikajiambia nitasema nikirudi, kwa maana nilikuwa nimekumbuka ile miratina saba ya Mathenge. Mbegu ile ile, ya baba yule yule. Ijumaa kabla ya saa nne nilikuwa Section 58 na goti langu, nimesimama dukani kwa Mathenge, nikitafuta namna ya kuanza. Sikuhitaji kuanza. Niliiona. Ilikuwa imepigiliwa misumari ukutani nyuma ya kaunta, saba kwa mstari mmoja, inang'aa.

"Tata, hizo ni za kupamba tu," Mathenge akaniambia, mimi shangazi yake, alipoona natazama. "Nilizipaka vanishi. Customer wakiziona wanajua hii ni original."

Nikakaa kwenye kreti. Akaniletea soda, akaniuliza kama mzee ni mgonjwa. Mathenge si mtoto mbaya. Nilimwambia pombe ya babake imekataa na kesho ni siku ya kuonja, basi, sikusema zaidi. Akafikiria, akaingia ndani, akarudi na pakiti ya hamira, akanifungia kwenye gazeti. Akasema nikiiweka leo, kesho itakuwa imeiva, na mzee akiwa mbali na pipa hata hatajua. Niliipokea. Niliiweka kifuani ndani ya leso, na njia nzima ilinichoma kama kaa.

Nilimkuta Kihara amepiga magoti, sikio kwenye pipa, macho amefumba. Mzee wa miaka sabini na nne, amepiga magoti kwenye majivu, anaisikiliza asali. Nilitaka ardhi inimeze.

"Kihara," nikasema nikiwa mlangoni, "ni mimi niliichemsha."

Hakuinua kichwa. Nikarudia. Nikamwambia yote, Jumatatu, Kang'ethe na kliniki, visubi, sufuria ya harusi. Aliinuka polepole akishikilia pipa.

"Hayo maji ulimwaga wapi?" akauliza.

Nilimwonyesha nyuma ya jikoni, chini ya mparachichi. Alikwenda, akainama, akachimba kwa vidole, akaokota udongo akaunusa. Akaokota mwingine akaunusa. Nimeona watu wakilia makaburini maisha yangu yote, na hakuna kilichonivunja kama kile. Aliendelea hadi kucha zake zikajaa matope, kisha akaketi pale pale.

"Kwa nini hukuuliza mtu?"

"Ningemuuliza nani? Kuna siku mliniambia kitu nyinyi?"

Alikung'uta udongo mikononi. Nilidhani atanipiga, na ningefurahi anipige.

"Hatukukwambia," akasema. "Hilo ni kweli."

Nikamtolea ile hamira. Nikamsihi. Nilimwambia wageni hawatajua, Jackie hajui, hata Kang'ethe hatajua, tupite kesho kwanza kisha tutafute njia. Aliigeuzageuza pakiti mkononi akiisogeza mbali na macho ili asome.

"Na mwezi ujao tuwape nini?" akaniuliza. "Kwa hii Mathenge anatushinda, mwari wa maitu. Yeye ako tao, huko Nakuru. Wakishazoea hii, Kabazi wataitakia nini?"

Mwari wa maitu, binti ya mama yangu. Hakuwa ameniita hivyo tangu tulipokuwa watoto. Akanirudishia pakiti, akaenda kuzima moto.

Jumamosi walikuja wote. Wanakikundi na makoti yao, Jackie na viatu vipya, viti vya kanisa vimepangwa uani. Nilikuwa mlango wa jikoni na sinia la chai. Nilikuwa nimeamua kusema. Nawaapia nilikuwa nimeamua. Kihara akatoka kijumbani akiwa ameshika pembe ya baba, ambayo hushikwa na mtengenezaji mkuu peke yake, akasimama katikati.

"Hakuna pombe," akasema. "Miratina nimeichemsha mwenyewe. Ile karatasi ya usafi niliielewa vibaya."

Hakuna aliyeelewa mara moja. Kang'ethe alicheka akidhani ni mzaha.

"Wewe, Kihara? Wewe uchemshe miratina ya babako?"

"Ni uzee."

Ndipo makelele yalipoanza. Mmoja alisema ameshang'oa parachichi zake apate mahali pa mizinga, kwa neno la Kihara. Mwingine alisema mzee amewauza. Jackie alisema pole, akaangalia saa. Katikati ya hayo yote Kihara aligeuza uso mara moja akaniangalia, moja kwa moja, pale mlangoni na sinia langu. Nilijua anasema nini. Na mimi, mwenye mdomo ambao haujawahi kushindwa na mtu Kabazi, nilinyamaza. Niliogopa. Sina neno lingine la kuliremba. Kang'ethe alinyoosha mkono, na Kihara akampa ile pembe. Kisha nikapitisha chai, na wakainywa.

Jioni nilipomwuliza kwa nini, alijibu akivua viatu, bila kunitazama.

"Mimi nikifa, wewe utakaa hapa kwa ruhusa ya hao wazee na ya watoto wangu. Wakijua uliingia mle ukaua mbegu, watakuondoa. Mimi jina nitalifanyia nini?"

Alijua vizuri angelifanyia nini. Hakuwa na kitu kingine.

Hoteli haikungoja. Mwezi wa pili baada ya hapo walikuwa wamempata Mathenge, ambaye alikuwa karibu, msafi, na ladha yake ni ile ile kila siku, kwa kuwa sukari ni ile ile kila siku. Kinywaji chake kiliingia kwenye chupa ndogo zenye lebo iliyoandikwa "Kabazi", na juu ya neno hilo picha ya mzee mwembamba mwenye koti, ameshika pembe. Sijui kama Mathenge alitaka kumheshimu baba yake au alikosa picha nyingine. Nilimficha Kihara ile chupa, lakini Kang'ethe alimwonyesha.

Alipata miratina mibichi kutoka nyanda za chini akaanza upya. Wakati huu aliniita niingie. "Si umeshaingia," alisema. Alinionyesha kila kitu, namna ya kupasua, kulisha tunda asali kidogo kidogo, kulianika, kulitunza lisipigwe na jua kali, na namna ya kuweka sikio. Nilichemsha mimi, yale mabichi, na alikaa kando yangu akanitania kwamba hapo hakuna fundi wa kunishinda. Pipa la kwanza lilikuwa chungu. La pili likawa siki. Alisema tunda jipya lisilo na mzee wa kulifundisha linahitaji miaka mingi, na tukatazamana, kwa sababu hesabu hiyo hata mtoto angeweza kuifanya. Nikamwambia nitakwenda kwa Kang'ethe niseme ukweli. Akasema nikisema atanikana, atasema ni dada yake anamtetea, na nitakuwa nimeongeza uongo mwingine kwa jina lake. Nilishukuru aliposema hivyo. Mnaona mtu niliye. Nilishukuru.

Alifariki Machi mwaka huu, kifua kikiwa kimembana wiki mbili. Pipa la tatu lilikuwa kijumbani.

Siku ya mazishi watu walikuwa wengi kuliko nilivyotarajia. Kang'ethe alipopewa maiki alimsifu sana, akasema alikuwa fundi ambaye Kabazi haitapata mwingine, halafu akasema, "ingawa sote tunajua alitupikia supu ya miratina," na hema zima likacheka, na Mathenge akacheka akipangusa machozi. Kisha mwongozaji akatangaza kwamba dada wa marehemu ana dakika mbili. Nilisimama. Nilishika maiki. Niliwaona wote, na niliona shamba nyuma yao, na nyumba yangu ya mabati pembeni mwa shamba. Nikasema kaka yangu hakupenda chai ya haraka. Nikakaa.

Mchungaji alipoondoka, wazee wakataka kumwaga muratina kidogo kaburini, kama inavyompasa mtu wa kazi ile. Wakaniuliza kama ipo. Nilikwenda kijumbani nikaweka sikio kwenye pipa la tatu, nikasikiliza hadi shingo ikauma, pipa halikutoa sauti. Nikarudi nikawaambia haipo. Basi Mathenge akafungua buti la gari, akatoa chupa zake za Section 58, na Kang'ethe akamwaga mbili juu ya udongo. Harufu ya hamira ikapanda. Nilisimama hatua tatu kutoka kwa kaka yangu, nikamwangalia akinyweshwa kitu ambacho alikitema, na sikufungua mdomo.